Kipa wa Kibuyu

Harufu ndiyo iliyonirudisha. Juma lililopita binamu yangu Hawa alinijia nyumbani kwangu hapa Kilosa mjini. Alitoka Mikumi na basi la asubuhi, kifuani amekumbatia kitu kilichofungwa kwa khanga kuukuu. Kabla hajafungua fundo nilishajua amebeba nini. Moshi wa kuni ulioingia kwa miaka mingi haufichwi na khanga. Ulikuwa na ukali wa jivu, utamu kidogo wa gunzi lililoungua, na chini yake kabisa harufu ya kunde kavu, ile inayofanana na vumbi la chini ya kitanda. Kilikuwa kibuyu cha mbegu cha Bibi. Arobaini ya Bibi ilikuwa imeshapita. Msibani sikulia sana, kwa sababu nilipewa kazi ya kugawa sahani na mwenye sahani mkononi halii. Siku hiyo nilikaa kwenye kochi langu nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

Na kuna wakati niliamini kweli kwamba nimenyang'anywa.

Bibi alikuwa mama yake baba yangu. Nilikaa naye Kisanga tangu siku nisizozikumbuka, maana mama yangu alifariki mimi sijajua kutembea, na baba akaenda kulima mpunga na nyanya Magole. Nyumba yetu ilikuwa ya watu watatu: Bibi, Babu na mimi. Mlioonja raha ya kuwa mtoto peke yake kwa bibi mtanielewa. Kulikuwa na kitanda cha kamba ambacho upande wa ukutani ulikuwa wangu. Kulikuwa na ukoko wa wali, ule wa chini ya sufuria, wa rangi ya chai na wenye kulia ukiutafuna, nao pia ulikuwa wangu. Na kulikuwa na jina. Kwa utani wa bibi na mjukuu, Bibi aliniita mke mwenzangu. Akinituma kuni nikachelewa, aliwaambia majirani kwa sauti ya kulalamika kwamba huyu mke mwenzangu ananinyanyasa, anataka mume abaki wake peke yake. Babu alikuwa akiitikia kutoka kibarazani kwamba yeye yuko upande wa mke mdogo. Utani huo ulirudiwa kila siku na kila siku nilicheka.

Juu ya mafiga, kwenye boriti ya jikoni, kilining'inia kibuyu. Ndani yake mlikuwa na kunde za mbegu zilizochanganywa na jivu ili fukusi wasiingie. Mdomo wake ulizibwa kwa kipande cha gunzi, na juu ya gunzi udongo wa kichuguu uliokauka kama jiwe. Kazi ya kukifuta masizi shingoni kila Ijumaa ilikuwa yangu. Nilipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, nikakifuta kwa kitambaa kikavu, na kila mara nilijiambia kwamba siku moja Bibi atasema, haya, mke mwenzangu, kifungue. Sikuwahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote. Niliona tu kwamba mwenye kukifuta ndiye mwenye kukifungua, kama vile mwenye kupika ndiye mwenye kuonja.

Likizo moja ya Desemba, mawingu ya vuli yalipoanza kujikusanya upande wa milima ya Vidunda, alikuja shangazi yangu na binti yake. Shangazi alikuwa akija kila mwaka wakati huo, siku mbili tatu, kisha anarudi Mikumi. Hawa sikuwa nimewahi kumwona zaidi ya mara moja, na mara hiyo alikuwa na surua na hakuna aliyemtazama vizuri. Sasa alishuka kwenye gari akiwa na viatu vya kufunga kwa kishikizo, nywele zilizosukwa mistari myembamba kama matuta ya karanga, na harufu ya sabuni ambayo kwetu ilitunzwa kwa ajili ya kuoshea maiti na wageni. Alinizidi mwaka mmoja. Alimwamkia Bibi shikamoo akipiga goti kabisa, akamwamkia Babu vilevile, kisha akanitazama miguu.

Bibi akamvuta, akamwambia, "Marahaba, mke mwenzangu."

Nadhani hapo ndipo wivu ulipoanza.

Usiku ule Hawa alilala upande wa ukutani na mimi nikatandikiwa mkeka. Kesho yake ulipikwa wali kwa heshima ya wageni, na ukoko Bibi aliukwangua wote, akaugawa nusu kwa nusu. Nusu yangu niliipeleka nyuma ya jiko nikawapa kuku, na kuku nao waliudonoa bila shukrani.

Lakini kilichonimaliza hasa kilikuwa Kiingereza. Baba yake Hawa alikuwa mpishi kwenye kambi ya watalii kando ya mbuga, na Hawa alikuwa amekulia miongoni mwa mahema na magari yenye ngazi. Kwenye foleni ya bombani, watoto wa Kisanga wakiwa na ndoo zao, Hawa alitusimulia habari ya kalamu. Mzungu mmoja alimpa kalamu ya rangi nne akamwambia neno moja tu, keep. Hawa alikwenda kumuuliza baba yake, baba akasema maana yake ni kutunza. Basi Hawa akaitunza. Hakuandika nayo, aliifunga kwenye leso, akamngoja mzungu arudi kuichukua. Alipomrudishia, mzungu akacheka na kusema neno lilelile tena, keep, keep. Kumbe neno hilo la kutunza ndilo pia la kuwa chako moja kwa moja.

Watoto walivutiwa. Kuanzia siku hiyo ukawa mchezo. Mtu analeta jambo kwa Kiswahili na Hawa analipeleka kwa neno lake lilelile. Nyamaza kimya? Kuna keep ndani yake. Endelea kutembea usisimame? Keep. Timiza ahadi yako, fuga kuku, kaa mbali na moto, mweke mtu akingoja, siri usimwambie mwingine: yote keep. Lilikuwa kama kisu cha jikoni, kimoja tu lakini kinakata nyama, kinamenya viazi, na kikikosekana kitu cha kufungulia kopo, kinafungua kopo. Leo, kwa kuwa nimefundisha watoto wa darasa la tano miaka mingi, ninajua kwamba maneno yanayotumika sana ndiyo huwa hivyo, yanabeba mizigo kila upande kwa sababu yako karibu na mkono. Neno geni lina kazi moja. Neno la kila siku halina likizo. Lakini wakati ule sikuona elimu. Niliona msichana amesimama kwenye foleni yangu, na watoto wa kijiji changu wamemzunguka, na ndoo yangu imesogezwa nyuma.

Nikasema kwa sauti kwamba hata sisi shuleni tunajua Kiingereza.

Hawa akaniangalia kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko tusi. "Chenu ni cha kuimba," akasema. "Gudi moningi ticha, halafu mnakaa."

Bomba zima likacheka. Nami nilicheka, ili nisiachwe peke yangu.

Siku iliyofuata nilikuwa nyuma ya jiko nikipeta choroko, nikamsikia Shangazi akizungumza na Bibi ndani. Alikuwa anasema kwamba Bibi amezeeka na wasichana wawili hawawezi. Kaka yake, yaani baba yangu, sasa ameoa, ana nyumba Magole, amchukue mwanawe akamlee mwenyewe. Hawa ndiye abaki hapa, ajifunze mambo ya nyumbani kwa bibi yake. Nilisikia mwiko ukikwangua sufuria. Kisha Bibi akasema, "Tutaona siku ya kibuyu."

Sikusikia lolote zaidi, na sikuhitaji kusikia. Nilielewa kila kitu, kwa namna ambavyo watoto huelewa kila kitu. Siku ya kibuyu, yaani siku ya kushusha mbegu baada ya mvua ya kwanza, Bibi angemwita mmoja wetu akifungue. Atakayefungua ndiye atakayebaki. Mwingine atafungiwa nguo zake. Na kwa kuwa macho ya watu wote yalikuwa kwa Hawa kwa ajili ya neno lake, nilijua mizani imelalia wapi. Ilibaki njia moja: nilijue neno lile kuliko yeye.

Nilikwenda kwa Babu. Kijijini Babu aliitwa Mzee Kipa, na mimi tangu nilipopata akili niliamini kwamba ujanani alikuwa golikipa. Mikono yake ilinithibitishia, mikubwa kama sinia. Shuleni nilikuwa nimeshawasimulia wenzangu penalti alizodaka, na moja niliieleza vizuri mpaka mwalimu wa michezo akataka kuja kumsalimu. Sasa nilimkuta kibarazani, redio sikioni, nikamuuliza kama ni kweli kwamba kipa na neno la Hawa ni kitu kimoja.

Alizima redio, jambo ambalo halikuwa dogo. Akanieleza kwamba ndiyo, ni neno hilohilo limevaa kanzu ya Kiswahili. Akanionyesha lilivyojaa kwetu bila sisi kuliona. Golikipa ni mtunza goli. Kwenye mashamba ya mkonge kulikuwa na taimkipa, mwenye kutunza saa za vibarua, mtu aliyechukiwa kuliko mvua ya mavuno. Kulikuwa na stoo kipa. Hata ule mzunguko wa barabara mjini Morogoro ambao madereva wanauita kipilefti, jina lake ni amri ya kushika kushoto. Nilikuwa nikihesabu kwa vidole, moyo unanidunda kwa furaha, nikimwona Hawa anashindwa bombani.

"Na wewe ulikuwa golikipa wa timu gani?" nikauliza.

Babu alinitazama kama aliyeulizwa habari za mtu mwingine. "Mpira? Mimi mpira hata kuupiga siujui, mke wangu. Nilikuwa kipa wa geti. Pale Kilosa, barabara inapokatiza reli."

Sijui kama mmewahi kuona penalti zote za maisha yenu zinaingia golini kwa pamoja. Yeye hakugundua, akaendelea kueleza kwa raha. Treni ikitoka stesheni ya mbali alipigiwa simu, akatoka kwenye kibanda chake, akafunga geti. Watu walimtukana, waliokuwa wanawahi soko, waliokuwa na wagonjwa, wakubwa ndani ya magari yao. Yeye alisimama tu mpaka treni ipite.

"Geti si langu," akasema, "treni si yangu, barabara ya serikali. Changu kilikuwa kufunga."

Niliondoka pale nimeudhika. Niliona kwamba babu wa Hawa na babu wangu ni mtu mmoja, na hata hivyo yeye alikuwa na baba mwenye mahema na watalii, na mimi nilibaki na mfunga geti. Ndivyo wivu unavyofanya hesabu zake. Kilicho cha wote wawili unakiandika upande wa mwenzako kama faida na upande wako kama hasara.

Mvua ya kwanza ilinyesha alasiri, ile ya matone makubwa yanayochimba vumbi. Kesho yake asubuhi baba yangu aliingia na baiskeli, suruali imerushiwa tope mpaka magotini. Nilimwamkia, akanishika kichwa, akauliza kama niko tayari kumwona mama mdogo, mke wake mpya. Nikajua siku imefika.

Tulikaa jikoni sote. Bibi alipanda kwenye kinu mwenyewe, akakishusha kibuyu, akakiweka juu ya ungo. Kwanza alimpa Babu. Babu akaupeleka udongo wa mdomoni karibu na jicho, akaugeuzageuza kwenye mwanga wa mlango, akasema ni chenyewe. Kila mwaka nilishangaa anatazama nini, na sasa pia sikuuliza, kwa sababu Bibi alikuwa ameshafungua kinywa kuita jina.

"Hawa," akasema. "Njoo ufungue."

Hawa alitoka mbele na viatu vyake. Alipewa jiwe dogo. Aligonga udongo, ukapasuka, akalichomoa gunzi, na ile harufu ikapanda ikajaza jiko, harufu yangu ya kila Ijumaa, sasa inatoka kwa mkono wa mtu mwingine. Shangazi alipiga kigelegele kifupi. Kunde zikamiminika kwenye ungo na jivu lao. Hawa alikuwa anatabasamu, naye akageuka akanitafuta kwa macho. Sijui alitaka kunionyesha nini. Nilikuwa nimeshatoka.

Nilikwenda chumbani nikatia vitu vyangu kwenye mfuko wa nailoni: gauni la Idi, kitana, sare ya shule, chupa ya mafuta ya nazi iliyobaki nusu. Niliona ni afadhali nijifungie nguo mwenyewe kuliko kufungiwa. Nikakaa mlangoni na mfuko mapajani, nikiitazama baiskeli ya baba na kufikiria nitakavyokaa nyuma yake bila kugeuka.

Nikasikia Bibi akiuliza jikoni, "Mke mwenzangu yuko wapi?"

"Nipo hapa, Bibi," Hawa akaitika.

"Si wewe. Yule wangu wa zamani."

Nilikwenda na mfuko wangu. Kwenye ungo mbegu zilikuwa zimegawanywa: fungu la kupanda leo, na fungu lililorudishwa kwenye kibuyu kwa ajili ya tahadhari, maana mvua ya kwanza huwa na tabia ya kudanganya, mtu akapanda zote na jua likazikausha ardhini. Babu alikuwa amekaa na udongo wa kichuguu kwenye kigae, ameukanda na jivu. Bibi aliuona mfuko. Akanivuta nikachuchumaa mbele yake.

"Unajua hizi mbegu si zako?" akaniuliza.

Nikasema najua, kwa sauti ya kununa.

"Ni za shangazi yako na Hawa, na wa kike watakaotoka kwa Hawa. Wewe ni mtoto wa mwanangu wa kiume. Ukoo wako uko kwa mama yako, Mungu amrehemu. Hata babu yako hapa si wa ukoo huu, nimemwoa tu."

Babu akasema kwamba hilo analisikia kwa mara ya kwanza. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Hapa inabidi niwaeleze msio wa kwetu kwamba kwa watu wetu ukoo hufuata upande wa mama. Mtoto wa binti ni wa ukoo wa bibi yake. Mtoto wa mwana wa kiume analishwa, anapendwa, anachapwa sawasawa na mwenzake, lakini fungu lake liko kwingine. Nilikuwa sijawahi kuelezwa hivyo, na kuelezwa mbele ya Hawa kulikuwa kama kuvuliwa nguo.

"Ndiyo maana utaziba wewe," Bibi akasema. "Babu yako ameziba miaka yote, sasa mkono unamtetemeka, udongo haumtii. Mwenye chake akiziba mwenyewe, njaa ikimshika atazibua mwenyewe. Atakula mbegu, halafu mwaka ujao atawalisha watoto nini? Anayeziba ni asiye na fungu. Bonyeza kidole hapo."

Nikabonyeza. Udongo ulikuwa wa vuguvugu, laini kama ulimi wa ndama. Nilipoinua kidole gumba, mistari yake yote ilibaki pale, duara ndani ya duara. Ndipo nikaelewa Babu alikuwa anatazama nini karibu na jicho. Alikuwa anatafuta kidole chake. Bibi akanieleza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtu, hata yeye mwenyewe, ambaye angeweza kukifungua kibuyu kabla sijaitwa kuthibitisha.

Shangazi akakohoa. Akamkumbusha mama yake kwamba walikubaliana Hawa abaki.

"Tulikubaliana tutaona siku ya kibuyu," Bibi akamjibu. "Tumeona. Huyu ameweka kidole. Sasa mbegu zikihitajika, mimi nipande baiskeli niende Magole kutafuta kidole?"

Baba alicheka mpaka akashika ukuta, na nadhani alifarijika pia, maana mama mdogo alikuwa na mimba na nyumba ilikuwa chumba kimoja. Bibi aliuchukua mfuko wangu wa nailoni bila kuniangalia, akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango, ukakaa hapo mpaka gauni la Idi likanibana.

Kwa hiyo nilishinda. Hawa na Shangazi waliondoka keshokutwa yake, Hawa amefungiwa kunde kidogo kwenye pindo la khanga ya mama yake, za kupanda Mikumi. Mngedhani nilifurahi. Nililitazama lile fundo mpaka gari likapotea. Nilibaki na kitanda, ukoko na Bibi mzima, na bado moyo ulienda na fundo la kunde, kwa sababu lile lilikuwa lake kwa kuzaliwa, na mimi nilichopata nilipata kwa sababu sikuwa na fungu. Kila Ijumaa niliendelea kukifuta kibuyu. Nilikifuta vizuri, kwa hasira.

Nilipokuja kusomea ualimu na kulikuta lile neno la Hawa kwenye kamusi, limejaza ukurasa, nilicheka peke yangu maktabani. Wenye lugha yao wameona hakuna ubaya mwenye kutunza na mwenye kumiliki wakae ndani ya neno moja. Bibi, ambaye Kiingereza chake chote kilikuwa gudi moningi, aliwatenganisha kwa makusudi. Alimpa huyu kumiliki, akampa yule kutunza, kisha akahakikisha hakuna anayeweza bila mwenzake. Darasani nikilifundisha neno hilo huwa sianzi na tafsiri. Huwa namwambia mtoto mmoja amshikie mwenzake kalamu mpaka kengele ilie, kisha nawauliza wote wawili wamejisikiaje. Majibu yao hutosha somo zima.

Hawa alikuja kila Desemba, nami kila Desemba nilitazama kidole changu, nikasema ni chenyewe, yeye akafungua. Nilipoolewa Kilosa nilirudi Kisanga kwa kazi hiyo tu. Tulikuwa tunaongea vizuri, kama watu wa ofisi moja. Alipokufa Bibi, Shangazi akiwa ametangulia, kibuyu kilikwenda Mikumi kwa Hawa, kama ilivyotakiwa.

Na sasa kilikuwa mezani kwangu, juu ya kitambaa cha kufuma, kinatoa harufu. Vuli ilikuwa imeanza. Hakukuwa na mtu wa kumwona kama angekigonga kwa jiwe jikoni kwake. Nilimwambia hivyo, kwamba angeweza kufungua tu, siku hizi nani anafuatilia.

"Nifungue bila wewe?" akasema, akanishangaa kweli.

Nikakisogeza dirishani nikatazama. Kidole kilikuwepo, cha mwaka jana, kizima. Nikasema ni chenyewe. Hawa akafungua, akamimina kunde kwenye sinia langu la chai, akaanza kuchagua. Mikono ikiwa na kazi, mdomo wake ukalegea. Akauliza kama ni kweli Bibi alikuwa anaongea usingizini. Nikamwambia alikuwa anagombana na kuku. Akauliza alikuwa analala upande gani, alikuwa anapenda chai ya namna gani, kama alikuwa anaimba akitwanga. Nilimjibu yote, bila kufikiri, kama mtu anayetoa chenji ndogondogo mfukoni. Kisha nikaona ameacha kuchagua.

Akasema kwamba mwaka ule wa kwanza alilia kutoka Kisanga mpaka Mikumi, na mama yake akadhani ameng'atwa na siafu. Alikuwa ameahidiwa kubaki. Alijifunza maneno mengi ya Kiingereza kabla ya kuja, ili Bibi amwone ni mtoto wa maana. "Ukanibakiza na kunde," akasema, akicheka kidogo, macho hayacheki.

Nilitaka kumwambia habari za fundo la pindo la khanga, jinsi nilivyolitazama. Sikuweza. Nilikwenda uani, nikaleta udongo wa kichuguu ambao huwa nauhifadhi kwenye kopo, nikaukanda na jivu na maji kidogo. Yeye alirudisha fungu la tahadhari kwenye kibuyu, akapachika gunzi, akanisogezea. Nikapaka udongo, nikausawazisha, nikabonyeza kidole gumba.

Nilipokiinua, Hawa alikuwa ameinama karibu, anaitazama ile alama, duara ndani ya duara. Aliitazama kwa muda mrefu, na macho yale niliyajua mara moja. Yalikuwa yangu, ya kule mlangoni, na mfuko wa nailoni mapajani.